Mawe Meupe ya Mjomba: Habari za Miamba na Asili Yake

Kila mwaka, wanafunzi wa kidato cha kwanza wakishanizoea kidogo, hutokea mmoja mwenye ujasiri akaniuliza, "Mwalimu, kovu hilo juu ya jicho ulilipata wapi?" Nami hujibu kwamba nilipigwa na jiwe. Wao hucheka, wakidhani ya kuwa nilikuwa mtundu nikirushiana mawe na wenzangu. Sivyo. Jiwe lile halikurushwa na mtu. Lilitoka lenyewe katika moto, na aliyesababisha liwekwe motoni ni mimi. Mhariri ameniomba niandike somo la miamba katika gazeti letu la muhula huu, basi naona afadhali nianze na kovu hili, maana ndilo lililonifundisha.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, nasi tulikaa katika kijiji kimoja upande wa Bahi, magharibi ya Dodoma. Mama kwao ni Bagamoyo. Mwaka 1987, nilipokuwa kidato cha pili, nilirudi nyumbani kwa likizo nikamkuta mjomba wangu amekuja kututembelea kutoka pwani. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kuchoma chokaa. Wakati ule wazazi wa kijiji walikuwa wamekwisha kujenga madarasa mawili ya shule ya msingi kwa matofali ya udongo, lakini kuta zilikuwa tupu, na kila mvua iliyonyesha kwa upepo ilizila kidogo kidogo. Kununua chokaa mjini na kuisafirisha kulizishinda fedha walizochanga. Mjomba aliposikia maneno hayo alishangaa. Akasema, "Mnahangaika na chokaa, na mlima wenu umejaa mawe meupe?"

Kesho yake alinichukua mlimani. Akaokota jiwe moja, jeupe kama maziwa, akanipa mkononi. "Mpwa wangu," akasema, "wewe ndiye msomi wetu. Kwetu mawe ya chokaa tunayatoa pwani, sijapata kuyachukua mlimani. Hili silo?"

Katika daftari langu la jiografia nilikuwa nimeandika aina tatu za miamba, nami niliweza kuzitaja zote bila kukosa hata moja, na mifano yake. Nikaligeuza jiwe, nikaona weupe wake, nikajibu, "Ndilo, mjomba."

Basi watu wakachanga kuni, kila nyumba mizigo mitatu. Aliyekaa nchi kavu kama ile ajua kwamba mzigo wa kuni si jambo dogo. Kina mama walikwenda mbali. Mjomba akapanga magogo kwa duara kama lilivyo tanuu la pwani, akajaza mawe juu yake, na jioni akatia moto. Kabla ya usiku wa manane mawe yakaanza kulia kama bunduki. Vipande vikaruka huku na huku, watu wakakimbia, na kimoja kikanipata hapa juu ya jicho. Moto uliwaka usiku ule na mchana wake wote. Ulipopoa, mjomba alichukua jiwe akalimwagia maji. Chokaa iliyoiva ikimwagiwa maji huchemka, ikatoa mvuke, ikaumuka na kuwa unga. Jiwe lile halikufanya lolote. Lilikuwa limepasuka tu. Akachukua la pili, na la tatu, na la kumi.

Hakuna aliyemtukana. Wazee waliondoka mmoja mmoja wakisema, "Pole, fundi." Nadhani maneno hayo yalimuuma kuliko matusi. Wala hakumwambia mtu kwamba aliniuliza mimi kwanza.

Nilirudi shuleni na kitambaa kichwani na kipande cha jiwe mfukoni. Mwalimu wetu wa jiografia alisikiliza habari yote asicheke. Kisha akaniuliza maswali mawili: "Jiwe hili limefanyika kwa kitu gani? Na lilizaliwaje?" Sikuweza kujibu hata moja. Akaniketisha akanieleza, nami nitawaeleza kama alivyonieleza, pamoja na machache niliyojifunza baadaye.

Watu wengi hutofautisha mawe kwa rangi na ugumu wake, na mara nyingi hiyo yatosha. Lakini wataalamu huyagawanya kwa asili, yaani kwa jinsi yalivyozaliwa, na asili hizo ni tatu: moto, mashapo, na mageuzi.

Miamba ya moto ndiyo ya kwanza. Chini sana ya ardhi kuna mahali ambapo joto ni kali hata mawe huyeyuka yakawa kama uji mzito. Uji huo, ambao huitwa magma, ukipanda na kupoa huganda ukawa mwamba. Sasa angalieni jambo moja ambalo latuwezesha kusoma jiwe la moto kama barua. Ukipoa polepole, chini kabisa, chembe zake hupata nafasi ya kukua. Ukipoa upesi, juu ya nchi, chembe hazipati nafasi. Chukueni itale, ambayo vitabu vingine huiita graniti. Itazameni juani. Mtaona chembe za rangi mbalimbali mnazoweza kuzihesabu kwa macho: za waridi au za kijivu, hizo ni feldispa, zinazong'aa kama kioo kichafu, hiyo ni kwatzi, na vipande vidogo vyembamba vinavyometameta, huo ni ulanga. Kwa hiyo twajua ya kuwa itale iligandia chini sana, ikachukua muda mrefu mno. Majabali ya Mwanza, pamoja na lile maarufu liitwalo Bismarck lililosimama ziwani karibu na mji, ni itale. Nayo tunayaona leo juu ya ardhi kwa sababu miamba iliyoyafunika imekwisha kuliwa na mvua na upepo. Kiini cha nchi yetu, kutoka Dodoma hata Mwanza, ni miamba ya kale sana, na mingi ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500.

Kinyume chake ni basalti, jiwe jeusi zito linaloonekana sana katika nchi za volkeno kama Kilimanjaro na Meru. Hilo lilimwagika juu likapoa upesi, hata chembe zake ni ndogo mno kuonekana bila miwani ya kukuzia. Na lile jiwe jepesi lenye matundu, ambalo huelea majini na wengine hulisugulia visigino, ni povu la volkeno lililoganda hewa ikiwa bado ndani yake.

Na lile jiwe jeupe la mjomba? Hilo lilikuwa kwatzi tupu. Itale inapokaribia kumaliza kuganda, maji ya moto sana yaliyoyeyusha kwatzi hupita katika nyufa, na yakipoa huiacha humo kama mshipa mweupe ndani ya jabali. Wachimbaji wadogo wa dhahabu waijua mishipa hiyo vizuri, maana mara nyingine dhahabu hukaa humo. Weupe wake si wa chokaa hata kidogo. Huletwa na vitone vidogo mno vya maji vilivyonaswa ndani ya jiwe lilipokuwa likiganda, navyo huutawanya mwanga. Sasa mtaelewa kwa nini tanuu letu lililia. Vitone vile vilipopata joto viligeuka mvuke vikitafuta njia ya kutoka. Tena kwatzi yenyewe, ifikapo joto la kadiri ya digrii 573 za sentigredi, hubadili mpango wake wa ndani na kutanuka ghafula. Jiwe haliwezi kuvumilia hayo mawili pamoja. Na kuiyeyusha kwatzi kwahitaji digrii zipatazo 1,700, ambazo kuni za kijiji kizima haziwezi kuzifikia. Na hata ikiyeyuka haiwi chokaa, bali yawa kioo.

Miamba ya mashapo ni ya pili, na hii ndiyo aliyoizoea mjomba. Kila jiwe juu ya nchi huliwa. Jua hulipasha, usiku hulipoza, mvua hulilowesha, mizizi huingia katika nyufa zake. Vipande huchukuliwa na maji, vikubwa hutua karibu, vidogo hutua mbali, na tope laini hufika hata ziwani au baharini. Tabaka hukaa juu ya tabaka. Chini hukandamizwa na uzito, na maji yapitayo humo huacha kitu cha kuzigandisha chembe, kama saruji. Mchanga huwa jiwe la mchanga, na tope huwa jiwe la udongo linalopasuka kwa mabamba. Humo hukutwa mabaki ya viumbe wa zamani, jambo ambalo huwezi kulitazamia katika itale. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba miaka ya 1909 hata 1913 wakapata mifupa ya mijusi wakubwa mno, walioishi zamani za miaka milioni 150 hivi. Mmoja wao amesimamishwa katika nyumba ya makumbusho mjini Berlin hata leo, na urefu wake wapita nyumba ya ghorofa tatu. Makaa yetu ya mawe, kama yale ya Kiwira na Ngaka, nayo ni mashapo, ila hayo ni ya mimea iliyozikwa.

Chokaa ya pwani ni mashapo ya namna nyingine. Viumbe wadogo wa baharini huchukua chokaa iliyoyeyuka katika maji wakajijengea nyumba. Wakifa, nyumba zao hubaki, na zikirundikana kwa maelfu ya miaka huwa mwamba. Matumbawe yaliyojengewa misikiti ya Kilwa Kisiwani na nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja ni hayo. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, yamechongwa na maji katika mawe ya chokaa ya zamani zaidi. Mjomba alikuwa akiyachoma mawe ya asili hiyo maisha yake yote, na pwani hakuhitaji kuuliza ni mawe gani, kwa kuwa hakukuwa na mengine. Mawe ya chokaa yakipata joto la digrii 900 hivi hutoa hewa ya kaboni iliyomo ndani yake, yakabaki chokaa mbichi. Yakitiwa maji huwa ile ya kupaka. Na ikishapakwa ukutani hunywa hewa ile ile ya kaboni tena na kurudi kuwa jiwe. Nilipofahamu hayo nilistaajabu. Fundi anayepiga lipu ya chokaa kwa kweli anatengeneza mwamba.

Aina ya tatu ni miamba iliyogeuzwa, ambayo vitabuni huitwa miamba geu. Mwashi hana shida nayo, bali wanafunzi ndio huikosea sana katika mtihani, maana hudhani ya kuwa imeyeyuka. Haikuyeyuka. Mfikirieni mfinyanzi. Chungu kikiingia motoni ni udongo, kikitoka si udongo tena, ukikiloweka hakirudi kuwa tope. Na hata hivyo hakikuyeyuka, umbo lake ni lile lile. Vivyo hivyo mwamba wowote ukizikwa chini sana, au milima ikisukumana, hupata joto na mkandamizo hata chembe zake hujipanga upya. Jiwe la chokaa huwa marumaru. Jiwe la mchanga huwa jiwe gumu sana la kwatzi. Itale hubanwa ikawa naisi, jiwe lenye mistari myeusi na myeupe iliyopindapinda. Msidanganyike na mistari hiyo mkadhani ni tabaka za mashapo. Ukiitazama vizuri utaona chembe zake zimeshikana kama meno, si kama mchanga uliogandishwa. Milima ya Uluguru, Usambara na Upare kwa sehemu kubwa ni miamba ya namna hii. Na ile tanzanaiti ya Mererani, iliyojulikana kwa ulimwengu mwaka 1967, ilizaliwa katika mageuzi kama hayo, ndani ya miamba yenye grafiti.

Hapa mwalimu wetu alifungua kabati akatoa mawe mawili meupe na chupa ndogo ya asidi iliyochanganywa na maji mengi. Akadondosha tone juu ya jiwe langu la Bahi. Kimya. Akadondosha juu ya kipande cha matumbawe. Kikatoa povu kwa sauti kama ya mafuta yanayokaangwa. Akadondosha juu ya marumaru, povu tena. Nikasema kwa furaha, "Basi asidi ndiyo inayotuonyesha asili!"

Akatikisa kichwa. Asidi yajibu swali la kwanza tu, yaani jiwe limefanyika kwa kitu gani. Matumbawe na marumaru yote ni chokaa, lakini moja ni mashapo na jingine limegeuzwa. Tena yuko wa tatu: Oldoinyo Lengai, volkeno iliyo kaskazini karibu na Ziwa Natron. Yenyewe peke yake katika volkeno zilizo hai duniani hutoa lava yenye magadi na chokaa. Lava hiyo hutoka ikiwa nyeusi, kwa joto la digrii 500 hata 600 tu, na baada ya siku chache hugeuka nyeupe kwa unyevu wa hewa. Hiyo nayo ukiitia asidi hutoa povu, na hali ni jiwe la moto! Na kwatzi vile vile: yapatikana katika itale, katika mawe ya mchanga, na katika miamba geu. Kwa hiyo yatupasa kuuliza maswali yote mawili, wala moja halijibu jingine.

Wala asili zenyewe hazina ukuta baina yao. Huko Laetoli, mwaka 1978, watu wa Mary Leakey walikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Walikanyaga majivu ya volkeno yaliyolowa mvua, ambayo baadaye yakawa jiwe. Je, jiwe hilo ni la moto, kwa kuwa majivu yalitoka katika volkeno, au ni la mashapo, kwa kuwa yalitua kwa tabaka? Mimi huwapa wanafunzi swali hilo nikawaacha wagombane kipindi kizima, nami hufurahi.

Lakini turudi Bahi. Nilimwuliza mwalimu faida ya swali la pili ni nini, ikiwa asidi yatosha kutambua chokaa. Akaniambia, "Asidi itakuambia jiwe uliloshika ni nini. Asili itakuambia mengine yako wapi." Akachora mlima na bonde ubaoni. Katika nchi ya itale, akasema, hutapata mwamba wa chokaa mlimani, maana bahari haikuwako hapo. Lakini feldispa za itale nyingine zina chokaa kidogo ndani yake. Mvua huitoa polepole na kuichukua mpaka mbugani. Mbuga haina njia ya kutokea. Jua kali hukausha maji, na chokaa hubaki katika udongo ikashikamana madonge madonge. Hayo nayo ni mashapo, ingawa hayakuletwa kama mchanga wala kujengwa na viumbe. "Mwambie mjomba wako ashuke mlimani," akasema.

Likizo iliyofuata nilimkuta mjomba bado yuko kwetu. Alikuwa hajarudi Bagamoyo. Nadhani aliona haya kuondoka hivyo. Nilimwomba msamaha, naye akasema, "Tuliangalia jiwe sote wawili." Tukachukua jembe, kisu na ndimu tukaenda mbugani. Kadiri ya magoti chini tulikuta madonge ya rangi ya kijivu, machafu, yenye udongo na changarawe, mawe ambayo watoto walikuwa wakiyarushia ndege. Kisu kiliyakwaruza kwa urahisi, hali kwatzi kisu hakiwezi kuikwaruza, bali yenyewe hukwaruza kioo. Nikakamua ndimu juu ya ule unga. Tukainamisha vichwa. Povu likatoka, dogo, lakini likatoka. Mjomba akalisikiliza kwanza kabla ya kulitazama.

Kuomba kuni mara ya pili kulikuwa kugumu. Watu hawakukataa, ila walisema mara hii aanze na kuni zake mwenyewe. Tulichoma tanuu dogo, la mizigo sita, ambayo mimi na mama na mjomba tuliibeba. Asubuhi ya pili alimwaga maji mbele ya wazee, na madonge yakaanza kuchemka. Chokaa yake haikuwa nyeupe kama ya Bagamoyo. Ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, kwa sababu ya udongo. Lakini ilishika. Madarasa yale mawili yalipigwa lipu mwezi wa Septemba, kabla ya mvua.

Muhula ujao nitaweka sanduku katika chumba cha jiografia. Kila mwanafunzi alete jiwe moja kutoka kwao, na kipande cha karatasi chenye maneno haya: liliokotwa wapi, mlimani au bondeni au mtoni; lilikuwa peke yake au ni sehemu ya mwamba; na jirani zake walikuwa mawe gani. Jina la jiwe msiandike. Wazazi walio mafundi wa kuchimba visima, kuvunja kokoto au kuchoma chokaa twawakaribisha waje Jumamosi yoyote, kwani wanayo mengi ya kutufundisha. Asidi nitashika mimi mwenyewe, na atakayekaribia meza atavaa miwani.